Jina Lenye Mwenyewe: Namna ya Kupima Kazi ya Chapa na Tovuti

Karoti ya Kwai, wilayani Lushoto, ikishang'olewa hubaki na jina kwa muda mfupi sana. Inaoshwa, inajazwa guniani, inapakiwa kwenye lori, inateremka Lushoto hadi Soni na Mombo, kisha inashika njia ya Tanga au Dar es Salaam. Na kila inapopokelewa na mkono mwingine habari zake zinapungua. Dalali anajua imetoka Lushoto. Mwenye genge anajua ni karoti. Anayeipika anajua bei yake tu. Ikiwa tamu kuliko ya wiki iliyopita, hakuna njia ya kuagiza tena ile ile. Ikiwa katikati ya gunia zimefichwa mbovu, hakuna wa kurudishiwa. Jamu, jibini, asali na hata nyumba za wageni za milima ya Usambara hukutana na shida hiyo kila moja kwa namna yake: mnunuzi yuko mbali, hamjui mzalishaji, wala hana hakika atampata wapi mambo yakiharibika. Kampuni ndogo za ubunifu zinazotengeneza nembo, lebo na tovuti huitwa kuziba pengo hilo, ingawa mara nyingi pande zote mbili hudhani zinazungumzia rangi. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: kazi ya chapa ni bora kwa kadiri inavyomfanya mzalishaji apatikane na awajibike mbele ya mtu asiyemjua. Nembo, lebo, picha, tovuti na mkataba, vyote vipimwe hapo. Uzuri wa macho una nafasi yake, nami nitaufikia, lakini hautangulii.

Usambara yenyewe ina ushahidi mzito kwamba jina kujulikana ni jambo moja na kuwa na chapa ni jingine. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, aliona ua dogo la rangi ya zambarau katika nchi hii, likapelekwa Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia. Wajerumani wa kawaida wakaliita Usambaraveilchen, na ndivyo wanavyoliita mpaka leo wanapolinunua kwenye vyungu na kuliweka dirishani. Kwa zaidi ya miaka 100 ua hilo limezalishwa na kubadilishwa rangi katika vitalu vya Ulaya na Marekani. Jina la Usambara limeingia sebuleni kwa watu wasiojua Usambara iko nchi gani, na biashara yote imejengwa vitaluni huko, si milimani huku. Ua likinyauka, mnunuzi hamtafuti mtu wa Lushoto, likistawi, hamshukuru. Jina lilisafiri bila mwenyewe. Kwa hiyo mbunifu anapomwambia mteja kwamba lengo ni "kujulikana", mteja ana haki ya kuuliza: nijulikane ili iwe nini? Sifa isiyo na anwani humnufaisha yeyote aliye karibu na mnunuzi, na huyo kwa kawaida si mkulima.

Kinyume chake kipo Mombasa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limejulikana pwani nzima kwa khanga zake zenye chapa ya Mali ya Abdulla. Tazama maneno hayo yamewekwa wapi. Yamechapwa kwenye nguo yenyewe, pamoja na herufi K.H.E., kwa ukubwa wa kiasi usioshindana na jina la khanga. Nguo ikitoka Mombasa ikafika Tanga au Unguja, ikapita mikononi mwa wachuuzi watano, bado inamtaja mwenye kuitoa. Mnunuzi anayetilia shaka kama rangi itachuja ana mahali pa kuanzia. Zaidi ya hayo, chapa yenyewe haisifii: haisemi khanga hii ni bora, inasema ni ya nani. Sifa ya ubora ilijengwa na khanga zenyewe, miaka na miaka, na maneno yale yalikuwa kigingi cha kufungia sifa hiyo. Paul Rand, Mmarekani aliyechora nembo ya IBM, alishikilia msimamo huo huo katika maandishi yake: nembo huchota maana yake kutoka kwenye kitu inachokiwakilisha, wala haiwezi kukipa kitu ubora kisichokuwa nao.

Basi anayetaka kuipima kampuni ya ubunifu aanze kabla mchoro haujachorwa, kwa kusikiliza maswali inayouliza. Kampuni dhaifu huuliza unapenda rangi gani na unataka nembo ifanane na ya nani. Kampuni nzuri huuliza mambo yanayokera kidogo. Gunia lako lina kilo ngapi, na je, lina kilo hizo hizo kila mara? Maana kikundi kinachouza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hakiwezi kuweka jina lake kwenye gunia na kulisimamia; Wakala wa Vipimo inapiga vita ufungashaji huo, na hata kama isingefanya hivyo, chapa haiwezi kukaa juu ya kipimo kisichojulikana. Mvua za masika zikiharibu barabara, oda inafanywaje? Nani anapokea simu jioni? Mteja wa mwisho aliyelalamika alijibiwa nini? Majibu ya maswali haya ndiyo malighafi ya chapa, na mbunifu asiyeyataka atalazimika kubuni badala ya kugundua. Ubuni wa namna hiyo hujitokeza zaidi kwenye historia. Kwai ina historia inayovutia mtu wa matangazo: mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha hapo shamba la majaribio ya mazao na mifugo ya Ulaya, ambalo baadaye lilikodishwa kwa mtu binafsi. Ni rahisi sana kuandika "Tangu 1896" kwenye lebo ya kikundi kilichosajiliwa juzi. Mbunifu mwadilifu hukataa, kwa sababu historia ya ardhi si historia ya biashara, na mnunuzi akigundua uongo mmoja kwenye lebo atatilia shaka hata tarehe ya kwisha matumizi.

Nembo ipimwe mahali pagumu kuliko pote itakapokaa. Wabunifu hupenda kuionyesha imechapwa kwa dhahabu kwenye kadi nyeusi, au imechongwa kwenye ukuta wa hoteli isiyokuwepo. Kwa mzalishaji wa Kwai mahali pagumu ni tenga la mbao la nyanya, kiroba cha viazi, na duara dogo la picha ya WhatsApp. Kwenye tenga rangi hupigwa kwa brashi kupitia bati lililokatwa herufi, na hapo ndipo ufundi unapojulikana: herufi kama O, A, B na D zina kipande cha ndani kitakachodondoka bati likikatwa, isipokuwa mbunifu ameacha vishikizo vyembamba vya kukiunganisha na sehemu ya nje. Nembo iliyokuja na toleo la bati, vishikizo vyake vikiwa vimepangwa visiharibu sura ya herufi, imetoka kwa mtu aliyelifikiria tenga. Iliyojaa rangi zinazofifia taratibu kutoka kijani kwenda njano haiwezi kupigwa hivyo kabisa. Itabidi mchoraji wa sokoni aibuni upya kwa jicho lake, na mwaka ukiisha kikundi kitakuwa na nembo nne. Omba pia faili ya vekta, ile inayokuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kingo kuvunjika. Kuitambua ni kazi ndogo: ikuze kwenye kompyuta mpaka herufi moja ijaze skrini. Kingo zikionyesha vingazi, ulichouziwa ni picha.

Atatokea wa kusema kwamba vipimo vya namna hii vinaua uzuri, kwamba chapa hugusa moyo kwanza na akili baadaye. Nakubali kwamba hugusa moyo. Nakataa kwamba masharti ndiyo yanayoua. Khanga imefungwa na masharti makali: pindo lazima lizunguke, mji ukae katikati, jina likae mahali pake, rangi ziwe chache kwa sababu kila rangi ni gharama ya uchapaji. Ndani ya masharti hayo pwani yetu imepata sanaa ya uchapaji inayopendwa kuliko nyingine yoyote. Uzuri wa kazi ya herufi nao huonekana kwenye mambo madogo ambayo jicho lisilofundishwa linayahisi bila kuyataja. Chukua neno KWAI kwa herufi kubwa. Mguu wa mwisho wa W na mguu wa kwanza wa A vimelala upande mmoja, sambamba, hivyo kompyuta ikiachwa ipange yenyewe huacha mwanya kati yake, na neno huonekana limekatika vipande viwili. Mbunifu anayejua kazi yake husogeza A iingie chini ya W, kisha hulegeza kidogo A na I, mpaka nafasi zote tatu zionekane sawa ingawa kwa rula hazilingani. Ukitaka kuona kama hilo limefanyika, geuza karatasi juu chini. Neno likishaacha kusomeka, mianya mibaya hujitokeza yenyewe.

Lebo ni mtihani mkali zaidi, kwa sababu inabeba sheria, fizikia na ahadi kwenye karatasi ya upana wa kiganja. Milimani humu hutengenezwa jibini na jamu. Shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, linajulikana kwa vyakula hivyo kwa wageni wote wanaopita Lushoto. Bidhaa za namna hii huingia na kutoka kwenye jokofu, na chupa ikitoka baridini huota unyevu. Lebo iliyochapwa kwa wino wa printa ya ofisini huchuja hapo hapo, na gundi ya karatasi huachia pembe. Kwa hiyo usiikubali sampuli uliyopewa ikiwa kavu. Ibandike kwenye chupa, iache usiku kucha kwenye jokofu, itoe, ipanguse kwa kidole. Kisha tazama mistari ya bakodi. Skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, ndiyo maana mistari myekundu juu ya nyeupe haisomeki hata kama inapendeza, na mistari iliyobanwa bila nafasi tupu pembeni haisomeki pia. Kwenye chupa nyembamba mistari inapaswa kulala kama vipago vya ngazi, mmoja juu ya mwingine, isije ikapinda na mzunguko wa chupa. Bakodi za wanachama wa GS1 Tanzania huanza na 620, na wapo wanaodhani tarakimu hizo zinathibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa nchini. Hazithibitishi hilo, zinaonyesha tu kampuni imesajiliwa wapi kwenye mfumo huo. Mbunifu anayemwambia mteja vinginevyo hajui anachouza.

Lakini kitu ninachokitafuta kwanza kwenye lebo ni namba ya toleo, ile inayosema chupa hii ilipikwa siku gani pamoja na zipi. Haivutii macho, na wabunifu wengi huisukumia chini ya kifuniko. Hata hivyo ndiyo inayogeuza malalamiko ya jumla kuwa jambo linaloshughulikiwa: chupa moja ikichacha, mzalishaji anajua ni chupa gani nyingine azirudishe, na hana sababu ya kutetemekea jamu yake yote iliyoko madukani. Kampuni ya ubunifu iliyotenga nafasi safi ya namba hiyo, mahali ambapo mhuri wa mkono unafika bila kupaka wino kwenye maandishi mengine, imeelewa kazi yake kuliko ile iliyochora ua la zambarau kwa ustadi. Jina la mzalishaji, mahali alipo na simu vinastahili ukubwa wa herufi unaosomeka na mtu mzima bila miwani. Viungo na uzito halisi vivyo hivyo.

Pingamizi zito zaidi linahusu jina la mahali. Mtu atauliza: nikijenga chapa juu ya jina la Lushoto au Usambara, nitamzuiaje jirani asiye mwangalifu kulitumia? Ni kweli kwamba jina tupu la mahali ni gumu kulisajili kuwa mali ya mtu mmoja, na ni vizuri liwe hivyo, kwa kuwa jirani naye ni wa hapo hapo. Kule Japani kahawa ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata ikiwa imelimwa Mbeya au Mbinga. Jina limebeba zao la nchi nzima, na mkulima mmoja mmoja amepotea ndani yake. Ethiopia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2005 serikali yake iliomba nchini Marekani kusajili majina ya Harar, Sidamo na Yirgacheffe kuwa alama za biashara, na mvutano wake na Starbucks ukaishia kwenye makubaliano mwaka 2007. Hiyo ni kazi ya serikali, mawakili na miaka; kampuni ndogo ya ubunifu inayoahidi kuifanya kwa kikundi kimoja inadanganya. Inachoweza kufanya, na inachopaswa kufanya, ni kukishauri kikundi kuchagua jina mahususi ambalo Lushoto ni anwani yake tu, kisha kulipeleka BRELA lisajiliwe. Chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 usajili wa kwanza hudumu miaka 7, na baada ya hapo huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Anayeuza jamu yake kwenye hoteli za Unguja akumbuke kwamba usajili wa Bara hauvuki bahari: Zanzibar ina msajili wake na sheria yake ya mwaka 2008, ambayo inatambua pia majina ya bidhaa yanayotokana na mahali. Mbunifu asiyeuliza unauza wapi hatalijua hili, na kosa litagundulika mwenzako akishasajili.

Tukija kwenye tovuti, kipimo ni kile kile ila mahali pa kupimia pamebadilika. Ifungue kwenye simu ya bei ya chini, kwa bando la kawaida, ukiwa juani. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 10 ndizo kikomo cha subira ya mtu anayesubiri kompyuta imjibu, na tangu hapo subira haijaongezeka. Picha moja iliyotoka kwenye kamera bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti 5. Sita za namna hiyo kwenye ukurasa wa kwanza zinamla mgeni megabaiti 30 kabla hajaona bei. Ikipunguzwa kwa ustadi hadi kilobaiti 200 jicho la kwenye simu haliuoni upungufu. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo wabunifu wanayaona ya kistaarabu, hupotea juani. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, inataka uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya herufi za kawaida na sehemu zilipoandikwa. Haya yanapimika kwa programu za bure, na mteja asione haya kuyapima mbele ya mbunifu.

Yanayohitaji jicho la mjuzi ni mengine. Ukiona nyumba ya wageni ya Lushoto imefungua tovuti yake kwa picha ya simba na twiga, jua kwamba mbunifu hakufika, wala hakuuliza. Mgeni wa Usambara haji kwa simba. Anakuja kwa msitu wa Magamba, kwa jabali la Irente ambapo nyika ya Masai inaonekana chini, kwa kinyonga, kwa njia za miguu hadi Mtae, na kwa baridi. Hiyo baridi ndiyo kipimo changu cha uaminifu wa tovuti za huku. Juni na Julai usiku ni wa blanketi mbili, na ukungu unaweza kufunga mandhari asubuhi nzima. Tovuti bora inalisema hilo, inasema njia kutoka Mombo ina kona nyingi na ina urefu wa kilomita 33 hivi, inasema maji ya moto yanapatikana saa ngapi. Wapo watakaosema kwamba kutaja kasoro kunafukuza wateja. Kunafukuza wale ambao wangekuja, wakakasirika, wakaandika maoni mabaya ambayo hakuna mbunifu anayeweza kuyafuta. Anayebaki amekuja na koti. Lugha nayo inahesabika: familia za Dar es Salaam zinazopanda mlimani wakati wa joto ni wateja, na tovuti ya Kiingereza kitupu, au yenye Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine, inawaambia kwamba hawakutarajiwa. Na fomu ya kuweka nafasi ikidai namba ya pasi ya kusafiria, mbunifu awe na jibu la nani anaihifadhi na kwa muda gani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu mwenye nyumba ya wageni kama inavyoihusu benki.

Hapa hujitokeza wanaosema tovuti yenyewe ni gharama isiyo na sababu, kwamba WhatsApp na Instagram zinatosha. Kwa wengi hoja hii ni ya kweli kwa kiasi kikubwa, na kampuni ya ubunifu inayoibeza haifahamu jinsi watu wanavyonunua. Oda za karoti zitaendelea kupita WhatsApp. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja karibu saa sita duniani kote, na biashara zilizokuwa na anwani huko tu zikawa hazipatikani kwa mteja yeyote mpya. Akaunti ya mtu mmoja nayo huibwa au hufungwa bila maelezo, ikiondoka na picha na wateja wa miaka. Ukurasa mmoja mwepesi kwenye jina lako mwenyewe, wenye ramani, simu, bei na kiungo cha kufungulia WhatsApp, unaziba hatari hiyo kwa gharama ndogo. Sharti ni kwamba jina liwe lako kweli. Majina ya .tz husimamiwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na msajili anaweza kukuonyesha limeandikwa kwa nani. Mara nyingi huandikwa kwa mbunifu, si kwa hila bali kwa uvivu, na mteja hulitambua hilo siku anapotaka kuhama. Sikubali kuiita nzuri kazi yoyote ya tovuti ambayo mteja hawezi kuondoka nayo, hata iwe na sura gani. Ambaye hawezi kubadilisha bei kwenye ukurasa wake bila kumpigia mtu simu na kumlipa hana tovuti, amepanga chumba.

Kuhusu bei ya kazi yenyewe, hoja inayorudi kila mara ni kwamba kijana mwenye simu na Canva anatoa nembo kwa bei ya chakula cha mchana. Anaweza, na kwa tangazo la gulio la Jumamosi hiyo inatosha. Shida ni kwamba vipengele vya maktaba ya Canva hutolewa kwa kila mtu, na masharti ya kampuni hiyo hayakuruhusu kuvisajili kuwa alama yako ya biashara. Muuza asali wa Tabora anaweza kuwa na nyuki yule yule, na wote wawili mko sawa kisheria. Wanaopinga hutaja pia Nike, ambayo mwaka 1971 ilimlipa mwanafunzi Carolyn Davidson dola 35 kwa alama inayojulikana dunia nzima. Mfano huo unathibitisha kwamba mstari mmoja mzuri waweza kuwa rahisi. Haugusi kazi iliyofuata, ya kuiweka alama ile ile bila kuyumba kwenye kila kiatu kwa miaka zaidi ya 50. Na kuyumba kuna gharama. Laini zilizoanza kwa jina la Celtel Tanzania mwaka 2001 zikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, na kila mara kuta za maduka zikapakwa rangi upya nchi nzima. Mwaka 2024 Tigo nayo ikawa Yas. Kampuni za ukubwa huo zina namba za wateja na mawakala wa kuwashikilia watu wakati jina linahama. Kikundi cha kata ya Kwai hakina kingine ila jina, na mbunifu anayekishauri kulibadilisha baada ya miaka miwili awe na sababu kubwa kuliko kuchoka kuitazama rangi ya zamani.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kampuni inayopunguza bili yake yenyewe. Mkulima anayeuza karoti zote kwa mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam aliye na mkataba naye hahitaji tovuti msimu huu. Anahitaji uzito usiobadilika, bati la kupigia jina kwenye kiroba, namba ya simu inayopokelewa, na daftari la matoleo linaloonyesha kiroba kipi kilitoka shamba la nani. Mbunifu akimwambia hivyo, akamkatia bati, akamwandikia karatasi moja ya namna ya kulitumia, akampa faili zake zote na kumwelekeza BRELA, amefanya kazi kamili. Tovuti isubiri mpaka mnunuzi wa pili aanze kuuliza kiroba hiki kimetoka wapi.